Fukua, Fukia

Fomu iliandikwa UFUKUAJI WA MAKABURI,
herufi nene, mhuri wa Halmashauri,
nami karani, kalamu ya bluu sikioni,
niliisoma kwa sauti kwenye migomba ya Kibosho,
pale barabara mpya itakapopita.

Aikande Tesha akaniinulia kiganja.
"Hilo neno lifute.
Afukuaye ni fisi.
Mama yangu hafukuliwi. Mama anahama."

Lakini fomu ilikwisha chapwa, nakala mia mbili.
Nikabaki natafuta neno la kumpa mkononi
huku Sefania, kibarua wetu wa Usangi,
akitema mate viganjani na kupima mpini.

Kuchimba? Neno hili limetumwa hadi limechakaa.
Basi la Dar likisimama Same, abiria wanachimba dawa.
Mkuu wangu wa idara akiishiwa hoja, anachimba mkwara.
Wifi akija na sahani ya maandazi bila taarifa,
najua nimekuja kuchimbwa.
Kule Mererani vijana wanashuka kwa kamba
kulichimba jiwe la buluu, na wengine
jina lao pekee ndilo linalopanda.

Basi nikarudi kwa lile lile alilolikataa.
Lugha yetu ina kijiti kidogo, u,
ukikichomeka kwenye kitenzi, kitenzi kinarudi nyuma:
kunja, kunjua. Ziba, zibua.
Tega, halafu umhurumie ndege, utegue.
Fukia, udongo unaingia.
Fukua, udongo unatoka.
Kati ya hiyo i na hiyo u
ilipita miaka thelathini na minane.

Ila zika, sijapata kumsikia mtu akiigeuza.
Na fa, ukiichomekea u,
unapata fua: kazi ya nguo, sabuni na jua.

Sururu ilianza saa tatu.
Kwanza udongo wa juu, wenye mizizi na ganda la betri.
Kisha mwekundu, unaonata.
Kisha mawe ambayo mlima uliyatema
kabla hapajakuwa na mtu wa kuyapa jina.
Mlima wenyewe siku hiyo haukutoka mawinguni.

Walipofika kiunoni Sefania akasimama.
Akavua mabuti yake, akayapanga ukingoni
kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye mkeka,
akaendelea peku, kwa mikono.

Kifungo kimoja cha gauni.
Waya wa rozari, shanga zimekwenda.
Na udongo, mweusi kuliko wenzake,
laini kama kahawa iliyopita kinuni mara mbili.

Fomu iliuliza: Mabaki yaliyopatikana, idadi.
Nikamtazama Aikande.
"Andika moja," akasema. "Mama ni mmoja."
Akautandikia udongo kanga,
akaufunga na jani la sale juu,
fundo lile lile la kumfunga mtoto mgongoni.

Nilidhani tumemaliza. Nilikwisha chomoa kidau cha wino
kwa ajili ya dole gumba.
Akanyoosha mkono kwenye mgomba wa tatu,
ule uliopigwa alama nyekundu ya mpimaji.
"Na pale mama alikifukia kitovu changu.
Hicho kina safu gani?"

Nilipitia safu zote, ya kwanza hadi ya kumi na moja.
Miti ya matunda. Uzio. Choo, cha kudumu au cha muda.
Nikazipitia tena, polepole, ili nionekane natafuta.

Sefania, ambaye shimo la pili hakulipwa,
alikwisha piga magoti chini ya mgomba
akiuliza, "Upande wa juu au wa chini, mama?"
"Chini, panapopita maji ya mfongo."

Nikageuza fomu upande usio na mistari.
Chimbuko, nikaandika.
Nikaliangalia: kumbe chimba lilikuwa humo siku zote,
limekaa kimya kama jiwe kwenye unga.
Kisha sikujua niweke idadi gani.